Nchi Inayobomoka na Watu Wanaoipima

Mvua ya Kindu haibishi hodi. Hutanda upande wa pili wa Lualaba, juu ya Alunguli, na kabla mama hajaanua nguo, maji yamekwisha kuteremka barabarani, mekundu kama vumbi la matofali. Kesho yake asubuhi twaondoka kwenda Misa ya kwanza, nasi twaikuta njia ya jana si njia tena. Imekatwa. Chini ya ukingo mizizi ya mwembe imening'inia hewani, na watoto wanatupa mawe shimoni wasikie yanakwenda mbali gani. Baada ya majuma mawili mwembe umelala. Baada ya mwaka, jiko la jirani limekwenda na maji, na jirani mwenyewe anauliza kama kuna mahali pa kujenga.

Watu wa mjini huliita shimo la namna hii erosio, wakitumia neno la Wafaransa. Katika vitabu vya Kiswahili linaitwa korongo. Jina si kitu. Neno tunalotaka kulichungua leo pamoja na wasomaji wetu ni hili: je, mashimo haya yameandikwa mahali popote? Yuko mtu mwenye ramani yake, ajuaye ni mangapi, yanakwenda upande gani, na ni nyumba za nani zitakazofuata? Habari hii ina historia yake, nayo ni ndefu kuliko tulivyodhani tulipoanza kuitafuta.

Kwanza tuyapambanue mambo, maana ardhi ina njia nyingi za kumwangusha mtu. Kuna nchi zenye mawe ya chokaa chini yake. Maji ya mvua huingia katika nyufa za mawe hayo, huyayeyusha kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka, na kufanya mapango. Juu twaona shamba zuri tambarare. Chini ni utupu. Siku moja dari la pango linaanguka, na shamba linazama kama kifuniko kilichotumbukia chunguni. Huko ndiko kuzama kwenyewe, ambako wataalamu wamekuandikia vitabu vingi. Kongo yetu inayo mawe hayo: huko Mbanza-Ngungu katika Kongo ya Chini, ambako ndani ya mapango wanaishi samaki wasio na macho, huko Likasi katika Katanga, huko Mbuji-Mayi, ambako almasi nyingine zimeokotwa ndani ya mashimo ya kale ya chokaa, na katika mlima Hoyo huko Ituri. Kisha kuna nchi ya moto, kama ya Goma, ambako ardhi hupasuka kwa nguvu za volkano. Na kuna nchi ya mchanga na udongo laini, ambako maji ya mvua ndiyo mchimbaji. Hapo shimo halianzi chini. Linaanzia bondeni na kupanda mlima, likila kichwa chake mwenyewe kila mvua inaponyesha. Ndilo korongo letu. Mwenye nyumba hashughuliki sana na jina la mchimbaji, lakini mwenye kuchora ramani lazima ajue, kwa sababu dawa ya ugonjwa mmoja si dawa ya mwingine.

Katika nchi yetu ya Maniema, watu wa kwanza waliopima udongo kwa kuyaogopa maji walikuwa watu wa reli. Kampuni ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902, ilijenga njia ya gari la moshi kutoka Kindu mpaka Kongolo, yapata kilometa 355, nayo ilikwisha mwaka 1911. Reli haikubali kudanganywa na maji. Tuta likiliwa hatua tatu tu, gari haliendi na faida ya kampuni inasimama. Kwa hiyo walichimba mifereji, wakaweka makalvati, wakapima mwinamo wa kila kilima. Hawakufanya hivyo kwa kuwapenda wenyeji, na wazee wetu walioburuta mataruma hawakusahau taabu yake. Lakini mtu akitembea leo kando ya njia ile ya zamani, ataona mahali pengine mfereji wa mawe bado unapeleka maji mahali pake, na hatua mia kutoka hapo, katika mtaa uliojengwa juzi bila mfereji, maji yanajitafutia njia yenyewe.

Serikali ya Wabelgiji ilianza kuipima nchi yote kwa mpango baada ya vita vya pili vya dunia. Mwaka 1949 ilianzishwa Taasisi ya Jiografia ya Kongo ya Kibelgiji, ambayo mpaka leo ingaliko Kinshasa ikiitwa Taasisi ya Jiografia ya Kongo. Eropleni zilipita juu ya miji na misitu, zikapiga picha mstari baada ya mstari, kila picha ikishika kidogo sehemu ya mwenziwe, ili mpimaji akizitazama mbili pamoja kwa kioo aone vilima vimesimama kama vilivyo. Wakati huohuo INEAC, shirika la utaalamu wa kilimo lililokuwa na makao yake Yangambi, lilianza kutoa ramani za udongo na mimea, tangu mwaka 1954. Picha nyingi za eropleni zimehifadhiwa hata leo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Aliyezipiga hakufikiri habari za makorongo ya mjini. Alitafuta barabara, mashamba na madini. Lakini picha haichagui. Yote yaliyokuwapo siku ile imeyashika. Nasi tutaona faida yake mbele.

Huko Kivu, katika miaka ile ya 1950, Serikali ilikuwa na kazi nyingine iliyohusu mmomonyoko wenyewe. Iliitwa Misheni ya Kupinga Mmomonyoko. Jina hilo lisimdanganye msomaji wa parokia: haikuwa na padre wala kengele. Maofisa wake walipita vilimani wakawaamuru wakulima kuchimba mifereji ya kukinga maji na kupanda kuta za majani, mstari kwa mstari, kuzunguka kila mlima. Kwa utaalamu ilikuwa kazi ya maana. Maji yakizuiliwa juu hayafiki chini na hasira. Lakini ilifanywa kwa amri. Mkulima hakuulizwa; aliambiwa chimba, na asiyechimba aliadhibiwa. Mfereji ulichukua sehemu ya shamba lake, na hakuna aliyemlipa. Basi ulipofika uhuru mwaka 1960, watu wengi waliiacha kazi ile kama mtu anavyotupa mzigo uliomchubua bega, na mahali pengine waliifukia mifereji kwa furaha. Sisi hatuwalaumu sana. Mzigo ukimchubua mtu kila siku, hatazami kama ndani yake mna chakula.

Baada ya uhuru wapimaji walipungua, fedha zilipungua, vita vilikuja na kurudi. Lakini miji haikungoja. Kinshasa mwaka 1960 ilikuwa na watu kama 400,000. Leo ni zaidi ya milioni kumi na tano. Kananga, Kikwit, Tshikapa, Mbuji-Mayi, Bukavu, yote ilitanuka, na Kindu yetu pia. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilisema kwamba ardhi yote ni mali ya Taifa. Ni maneno machache tu, na yanasomeka vizuri. Lakini kiwanja mtu hukipata kwa nani? Hukipata kwa mwenye nyaraka, au kwa mwenye mhuri, au kwa mwenye kujuana na mwenye mhuri. Na aliye maskini hupewa mahali ambapo wengine walipakataa, yaani penye mteremko, penye mchanga, penye ukingo. Kuhusu mpango wa miji, nchi iliendelea kwa miaka mingi kushika dekreti ya tarehe 20 Juni 1957, iliyoandikwa kwa miji ya wakati wa ukoloni yenye watu wachache na miti mingi.

Hapa tusimame kidogo, tueleze korongo linavyozaliwa mjini, maana wengi husema ni mvua tu, na wengine husema ni mkono wa mchawi. Kilima chenye msitu hunywa mvua. Majani huipokea, mizizi huishika, na udongo huilamba polepole. Mtu akija akakata miti, akajenga nyumba ya mabati, mvua ile ile sasa haina pa kunywewa: inatoka batini mara moja, inaanguka uani palipokanyagwa pakawa pagumu kama sakafu, inakimbilia njiani. Njia ndiyo yenye kosa kubwa kuliko yote. Barabara iliyochorwa kushuka kilima moja kwa moja bila mifereji ni mto uliotengenezwa na watu. Inakusanya maji ya nyumba mia mbili na kuyamwaga mahali pamoja, pale lami au changarawe inapokwisha. Pale ndipo udongo unapofunguka. Shimo likiisha kuwa na ukingo wima, maji yanayoanguka yanachimba chini ya ukingo, ukingo unamomonyoka, na shimo linapanda hatua nyingine. Usiku mmoja laweza kupanda hatua nyingi. Ndiyo sababu watu hufa wamelala.

Kwa miaka mingi Kongo haikuwa na hesabu ya mashimo hayo. Kila mji ulijua lake. Ofisi ya Barabara na Mifereji ya Miji, ambayo watu huiita kwa herufi zake OVD, ndiyo iliyopewa kazi ya kupambana nayo, na wahandisi wake wanajua vema la kufanya: kukinga maji juu, kuyapeleka chini kwa mfereji wa saruji, kupanda mianzi na majani ya vetiva ukingoni. Lakini waliitwa siku zote baada ya nyumba kuanguka. Walikuwa kama daktari anayeitwa mazishini.

Mwezi wa Agosti 2025 hesabu ikatoka. Haikufanywa na ofisi ya Serikali. Ilifanywa na walimu wa vyuo vikuu, Wakongo na Wabelgiji pamoja, na aliyetangulia katika kuiandika ni Mkongo wa upande wetu wa mashariki, Guy Ilombe Mawe wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu. Walichukua picha zinazopigwa na setilaiti kutoka juu kabisa, wakazitazama mji kwa mji. Kisha wakazitoa zile picha kuukuu za eropleni za miaka ya 1950 kutoka makabatini, wakaziweka kando ya picha za leo. Katika miji 26 walihesabu makorongo 2,922. Ukiyapanga yote kwa mstari mmoja, urefu wake ni karibu kilometa 740. Maana yake ni zaidi ya mara mbili ya safari ya gari la moshi kutoka Kindu mpaka Kongolo. Katika picha za zamani machache tu ndiyo yaliyoonekana. Mengine yote yamezaliwa ndani ya umri wa mtu mmoja.

Wakahesabu na watu. Kati ya mwaka 2004 na 2023, watu kama 118,600 walilazimika kuhama kwa sababu korongo liliwafikia. Na waliokaa mahali ambapo makorongo yaweza kutanuka mpaka kuwafikia walikuwa milioni 1.6 mwaka 2010. Mwaka 2023 walikuwa milioni 3.2. Hesabu hiyo ya pili ndiyo yenye kutisha zaidi, kwa sababu haisemi habari za mvua kuongezeka. Inasema kwamba ndani ya miaka kumi na mitatu tumewapeleka watu wengine wengi kama wale wa kwanza kukaa penye hatari, tukiona.

Hatari yenyewe nchi yote iliiona usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 2022, huko Kinshasa. Mvua ilinyesha usiku kucha. Watu zaidi ya 120 walikufa, na huko Mont-Ngafula barabara kuu namba moja, ile inayoleta chumvi, unga na simenti kutoka bandari ya Matadi, ilikatika na kuachwa wazi kama kinywa. Malori yalisimama pande mbili. Mwaka huohuo wa 2022 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 100 kwa ajili ya Kananga, mji ulioliwa na makorongo kuliko miji mingi. Wasomaji watatuuliza: na Kindu je? Hatuna dola za kutangaza.

Labda mtu atasema kwamba mambo haya ya kuchora ramani ni ya matajiri. Tutazame basi nchi yenye mali kuliko sisi, nayo ni Afrika ya Kusini. Magharibi ya Johannesburg, penye migodi mirefu ya dhahabu, chini ya udongo kuna jiwe liitwalo dolomiti, ndugu yake chokaa, lililojaa mapango yenye maji. Maji yale yalikuwa yakiyashika mapango yasianguke, kama hewa inavyoushika mpira. Wenye migodi walitaka kuchimba chini bila kufurikwa, wakayavuta maji yote kwa mashine. Tarehe 12 Desemba 1962, katika mgodi wa West Driefontein, jengo la kusagia mawe lilizama ardhini na watu 29 ndani yake. Mwaka 1964 mwezi wa Agosti, katika mgodi wa Blyvooruitzicht, nyumba ilizama usiku, na watu watano wa jamaa moja hawakuonekana tena.

Hapo ndipo Serikali ya huko ilipoamka. Mwaka 1964 ilifanya kamati ya wataalamu wa mambo ya kuzama kwa ardhi. Tangu wakati huo walipima, wakatoboa ardhi kwa mirija, wakapima uzito wa nchi kwa vyombo vinavyotambua utupu ulio chini. Polepole wakaigawanya nchi ya dolomiti katika madaraja manane, kutoka mahali pa usalama mpaka mahali pasipofaa kujengwa kabisa, na mwaka 2012 wakayaandika katika kanuni ya taifa ya ujenzi. Lakini tuseme ukweli wote. Kamati ilipatikana kwa sababu migodi ilikuwa na dhahabu, na waliokufa hawakufichika. Watu weusi wa Khutsong, kitongoji kilicho karibu na Carletonville, wamekaa juu ya dolomiti hiyohiyo, na ramani ilipowaambia kwamba chini yao kuna utupu, haikuwaambia waende wapi. Kujua mahali pa hatari ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kiwanja kingine.

Turudi nyumbani, upande wetu wa mashariki, tuone mji ambao umejaribu kufanya nusu zote mbili. Goma imejengwa juu ya mawe ya moto yaliyopoa, chini ya mlima Nyiragongo. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa la moto lililokuwa kileleni likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Baada ya msiba ule ikafuata kazi ya kuuchunga mlima, na baadaye ofisi iitwayo OVG ikawekwa Goma kuusikiliza usiku na mchana, kwa mashine zinazoandika mtikisiko wa ardhi. Ilikuwa kazi ya watu wachache wenye mishahara isiyofika. Mwanzo wa mwaka 2002 mmoja wao, Dieudonné Wafula, alitoa onyo kwamba mlima unajiandaa. Tarehe 17 Januari ardhi ikapasuka kutoka ubavuni mwa mlima mpaka karibu na mji, na mto wa moto ukapita katikati ya Goma hadi ziwa Kivu. Ulifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukala mitaa ya biashara, ukaliangusha kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Watu zaidi ya mia moja walikufa; mamia ya maelfu walivuka mpaka kwenda Gisenyi.

Baada ya hapo ramani zilichorwa kwa bidii. Zilionyesha njia ambazo moto huzifuata, nyufa za kale, na mabonde yenye mazuku. Neno hili mazuku wataalamu wa dunia nzima wamelitwaa kutoka kwa watu wetu wa Kivu, nao huliandika hivyohivyo katika vitabu vyao. Ni hewa nzito itokayo ardhini, isiyo na rangi wala harufu, inayolala katika vishimo kama maji. Mbuzi akishuka humo harudi, na mtoto akimfuata mbuzi harudi pia. Mjini ziliwekwa alama za rangi za kuwajulisha watu hali ya mlima: kijani, manjano, rangi ya chungwa, nyekundu. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuitambua rangi.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, mkesha wa Pentekoste, jioni, mlima ukapasuka tena bila watu kuonywa. Moto ulisimama Buhene, karibu kabisa na mji. Watu kama thelathini walikufa. Miezi ya nyuma fedha za ng'ambo zilizokuwa zikiisaidia ofisi ya mlima zilikuwa zimekwisha, na mashine nyingine zilikuwa hazipeleki habari zake. Kisha ikaja siku iliyokuwa ngumu kuliko ile ya moto wenyewe. Ardhi ya Goma iliendelea kutikisika, nyufa zikaonekana barabarani na katika kuta za nyumba, na wataalamu wakasema kwamba moto upo chini ya mji na chini ya ziwa. Alfajiri ya tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi, Constant Ndima, aliwaamuru watu wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji waondoke. Karibu watu 400,000 waliondoka siku ile na zilizofuata, kwa miguu kwenda Sake, kwa merikebu kwenda Bukavu, kwa mpaka kwenda Rwanda. Wengine walilala makanisani na shuleni bila maji. Kipindupindu kiliwatia hofu kuliko volkano.

Na moto haukutoka. Mwezi Juni Serikali ikawaambia warudi. Tumewasikia watu wakicheka habari hiyo: "Walitukimbiza bure." Sisi hatukubali. Ardhi ilikuwa imepasuka kweli, na moto ulikuwa chini yao kweli. Wataalamu waliupima ukitembea. Aliyetoa amri ile alijua kwamba moto usipotoka atachekwa, na ukitoka naye amenyamaza atahukumiwa. Tunaona lile halikuwa kosa lake. Kosa lilikuwa kwamba njia ya kuondoka na mahali pa kufikia havikutayarishwa kabla, ijapokuwa ramani ilikuwapo tangu miaka mingi. Mnamo Januari 2025 vita vikaufikia mji huo, waasi wa M23 wakauteka, na shida ya mlima ikaongezewa shida ya bunduki.

Basi, na sisi wa Kindu? Hatuna mlima wa moto. Hatuna ziwa la hewa mbaya. Tuna mto mkubwa, mvua nyingi, mitaa inayoongezeka Kasuku na Mikelenge, na mashimo ya bati yaliyoachwa huko Kailo na Kalima tangu siku za kampuni, ambamo vijana wangali wakiingia na jembe na karai. Vitu vitatu tunavihitaji, navyo si vya dhahabu: picha za mji, mtu wa kwenda na mguu kuyahakiki makorongo moja moja, na daftari katika ofisi ya komini ambamo kabla ya kutoa kiwanja karani atafungua na kutazama. Picha ziko, za zamani na za sasa. Mtu wa kwenda na mguu anaweza kupatikana katika vyuo vyetu. Ni lile daftari ndilo gumu, kwa sababu siku litakapofunguliwa, viwanja vingine havitauzika, na wako watu wanaoishi kwa kuviuza.

Tulipokuwa tukikusanya habari hizi, vijana wanne wa shirika la parokia walitaka kujaribu kupima lile korongo lililo njiani kwetu. Hawakuwa na chombo cha kupimia. Walichukua kamba ya kuanikia nguo, wakaifunga fundo kila penye urefu wa meta moja. Kutoka ukingoni mpaka ukuta wa nyumba ya kwanza, ambayo ni ya mama mmoja mjane mwenye wajukuu sita, walipata meta kumi na tisa mwanzoni mwa mvua. Walirudi mwisho wa mvua wakapata kumi na nne. Mama yule aliwapa ndizi za kukaanga, akawauliza kama wamekuja kumhamisha. Wakamwambia hapana, wanapima tu. Akasema: "Nami napima kila siku, wanangu. Zamani nilianika muhogo upande ule wa mpapai."

Mpapai haupo. Vijana waliandika hesabu yao katika karatasi ya daftari la shule, wakachora njia, korongo, nyumba saba, na mfereji ulioziba kwa takataka huko juu, wakaipeleka ofisini. Karani aliisoma kwa makini, akauliza nani amewatuma, kisha akaigonga mhuri wa kupokelewa na kuitia katika jalada. Jumamosi iliyofuata walikwenda na majembe kuuzibua ule mfereji, na watu wa nyumba saba walitoka kuwasaidia. Mvua za Septemba zitakapoanza watapima tena kwa kamba ileile.